Mwenye Nacho Huchaguaje Chama?

Jibu la vitabuni ni jepesi: mwenye kipato kikubwa hupigia kura chama kinachoahidi kupunguza ushuru, na mwenye kipato kidogo hupigia chama kinachoahidi kumgawia. Uingereza na Marekani zilikaribia kufuata mstari huo kwa miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hadi wasomi walipoanza kuhamia vyama vya mrengo wa kushoto. Thomas Piketty na wenzake walilichambua badiliko hilo katika kitabu cha mwaka 2021 kinachohusu demokrasia 50. Kenya haijawahi kuwa na mstari wa kuhama. Tuna watu wanaolipwa vizuri, tuna vyama vingi, tuna uchaguzi kila baada ya miaka 5, na bado ukimuuliza daktari bingwa wa Nairobi chama chake kina msimamo gani kuhusu kodi ya mapato, hatakuwa na jibu. Si kwamba hajui mambo. Hajawahi kuambiwa, na hajawahi kuuliza.

Sauti zinazofuata nimezitunga mimi. Hoja zao sikuzitunga: ndizo zinazosikika katika ofisi za Upper Hill, katika mikutano ya vyama vya wakazi, kwenye matanga na langoni. Mhasibu ni mwajiriwa wa kampuni binafsi, kwao ni Murang'a, na analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Daktari anafanya kazi katika hospitali ya umma, kwao ni Siaya. Mkandarasi hujenga barabara na madarasa kwa zabuni za serikali. Wakili ndiye mkubwa wao kwa umri. Amepiga kura katika kila uchaguzi wa vyama vingi tangu 1992. Kuna pia sauti ya tano, ambayo kwa kawaida haialikwi kwenye mazungumzo ya namna hii, nayo nitaipisha itakapofika.

MHASIBU: Nianze na hati yangu ya mshahara, maana ndiyo kazi yangu. Hadi Septemba 2024 bima ya afya ya taifa, NHIF, ilinikata 1,700, basi. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha juu, hata ungelipwa milioni. Oktoba ikaingia bima mpya, SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote, haina ukomo wa juu. Kwangu ni 11,000. Ushuru wa nyumba, ulioanza 2023, asilimia 1.5, ni 6,000. Kwa hiyo 17,000 mahali ambapo 2022 palikuwa na 1,700. Nikubali kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo huondolewa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa, kwa hivyo makali yamepungua kidogo. Lakini niambieni: 2022 ni nani aliyeniomba kura akisema atanikata fedha hizi? Na ni nani aliyesema hatanikata?

WAKILI: Dada, ilani ya Kenya Kwanza iliahidi bima ya afya kwa kila mtu na nyumba mpya 250,000 kwa mwaka. Upande wa pili Azimio iliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini milioni 2. Ulifikiri fedha hizo zingetoka wapi?

MHASIBU: Sikuzisoma ilani, Wakili. Nilishajua nitampigia nani kabla hazijachapishwa.

WAKILI: Wewe ambaye husomi mkataba wa simu bila kalamu mkononi.

MHASIBU: Mkataba wa simu naweza kuukataa.

Jibu hilo linastahili kusikilizwa. Mtu anayelipwa vizuri ana mazoea ya kusoma maandishi madogo, kulinganisha bei, kuhamisha akaunti benki ikimtoza zaidi. Mazoea hayo yote anayaacha nyumbani siku ya kura, kwa sababu haamini kwamba kinachoandikwa katika ilani kinamfunga yeyote. Na kuna sababu ya kutoamini.

WAKILI: Nitawapa mlolongo. 2002 rais aliingia kwa NARC. 2007 rais yule yule akagombea kwa PNU, chama kilichoundwa miezi michache tu kabla ya uchaguzi. 2013 ukaja muungano wa Jubilee, TNA na URP ndani yake. Septemba 2016 vyama kadhaa vikavunjwa kuunda Jubilee moja, ikashinda 2017. 2022 aliyekuwa naibu wa rais wa Jubilee, Ruto, akashinda kwa UDA, huku kiongozi wa Jubilee akimuunga mkono mpinzani wake, Raila. Karibu kila ushindi umekuja na chombo kipya. Chama ambacho hakina umri wa kukumbuka ahadi yake kitaadhibiwaje kwa kuivunja? Mpiga kura wa Uingereza anaweza kusema, "Conservative waliniangusha, mara hii nahama." Wewe utahama kutoka wapi? Chama chenyewe kimeshakuhama.

DAKTARI: Na kikibaki, kinahama kikiwa na wewe ndani. Mimi 2022 nilipigia mrengo wa Azimio. Julai 2024 mwenyekiti wa chama changu, John Mbadi, akateuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Machi 2025 chama changu na UDA vikatia saini makubaliano ya kushirikiana. Sasa makato ya dada yangu hapa yanasimamiwa na mtu wa chama nilichokipigia kura.

MHASIBU: Basi na 2027 utampigia nani?

DAKTARI: Nitawaangalia watu wa kwetu wanaelekea wapi.

MHASIBU: Daktari, na wewe?

DAKTARI: Na mimi, ndiyo. Na wewe pia, dada, tuseme ukweli. Kiambu kuna mabepari wa ardhi na kuna wachuma chai wa kibarua, na 2022 wote kwa wingi wao walimpigia Ruto, aliyekuwa akihubiri mahasla dhidi ya familia za kitajiri. Kule kwetu profesa na mvuvi walimpigia Raila. Tajiri wa Murang'a na maskini wa Murang'a walipiga kura moja. Niambie ni kodi gani iliyowaunganisha.

MHASIBU: Kwa hiyo ni ukabila tu.

DAKTARI: Usilitamke hilo neno kana kwamba umemaliza kufikiri. Mimi shamba langu liko Siaya. Baba yangu amezikwa hapo, na mimi nitazikwa hapo. Nikifiwa, mabasi mawili ya watu watakaokuja hayatatoka kwenye chama cha madaktari. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mshahara haukumsaidia mtu barabarani alipoulizwa jina lake la ukoo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Baadhi yao walikuwa na digrii nyingi kuliko mimi. Ninapopiga kura nakumbuka kwamba siku mambo yakiharibika, sitalindwa na watu wa kipato changu. Nitalindwa na watu wa kwetu. Hiyo ndiyo bima yangu, na sijaona chama kinachoniuzia nyingine.

Siwezi kumpuuza Daktari, na huwa nakerwa na wanaompuuza kwa haraka, hasa wale ambao wakati ule hawakulazimika kuhama. Hofu yenye kumbukumbu si ujinga. Ila hoja yake inaeleza mtu anasimama upande gani. Haielezi kwa nini anaposimama huko hadai kitu. Mvuvi wa Ziwa Victoria ana madai: bei ya samaki, injini, ulinzi dhidi ya askari wa nchi jirani majini. Profesa aliyepiga kura naye foleni moja hakudai chochote kwa jina la kazi yake.

MKANDARASI: Mnazungumza kana kwamba wote wenye fedha ni waajiriwa. Mniruhusu niseme wazi, hapa hatuko kwenye kamera. Mimi sichagui chama. Namchagua atakayetia saini malipo yangu. Serikali kuu na kaunti zinadaiwa na watu kama mimi mamia ya mabilioni ya shilingi. Nimemaliza barabara, mhandisi ameikagua, cheti kimetiwa saini, na fedha haziji. Benki haijui mambo ya siasa. Kila mwisho wa mwezi inataka riba yake. Gavana akibadilika, mpya anasema madeni ya mtangulizi wake yakaguliwe upya. Huku juu nako, 2023 iliundwa kamati ya kukagua madeni ya serikali kuu ya tangu Juni 2005 hadi Juni 2022. Miaka 17! Kuna waliouza nyumba wakisubiri, na kuna waliokufa wakisubiri. Sasa uniambie nikae nilinganishe ilani. Sauti ya kodi kwangu ni ndogo sana. Asilimia 35 kwa wanaopata zaidi ya 800,000 kwa mwezi hainikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni orodha ya watakaolipwa wiki hii, na nani anaiandika.

WAKILI: Kwa hiyo unamchangia anayeelekea kushinda.

MKANDARASI: Nawachangia wote wawili, Wakili. Anayeelekea kushinda namchangia zaidi. Anayeelekea kushindwa namchangia ili akishinda asinikumbuke vibaya.

MHASIBU: Na kura yako?

MKANDARASI: Kura yangu ni moja. Mchango wangu ni kura ngapi?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wachambuzi wetu wengi hupoteza njia. Huwaweka Mhasibu na Mkandarasi katika kapu moja la "wenye kipato cha juu", kisha hushangaa kwamba kapu halina mwelekeo. Shilingi 400,000 za mshahara na shilingi 400,000 za zabuni hununua gari lile lile na kulipia shule ile ile, lakini kisiasa ni fedha mbili tofauti. Ya kwanza hukatwa ushuru kabla haijamfikia mwenyewe; hana la kujadiliana na mtu. Ya pili hutegemea saini ya mtu aliye madarakani au aliyewekwa na aliye madarakani. Mwenye fedha ya kwanza angehitaji chama chenye sera. Mwenye fedha ya pili anahitaji mtu, na mtu huyo ana chama chochote kile. Mwaka 2023 Rigathi Gachagua, akiwa naibu wa rais, alilinganisha serikali hadharani na kampuni yenye wanahisa, kwamba waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza. Watu walikasirika. Mkandarasi hakukasirika, kwa sababu hakusikia jambo geni. Gachagua mwenyewe aliondolewa katika wadhifa huo Oktoba 2024.

Chanzo cha kipato, basi, ndicho kinachomwonyesha mtu chama, na wingi wa kipato huja nyuma sana. Nashikilia hilo hata mbele ya Daktari. Hofu yake ni ya kweli, lakini inapata nafasi ya kutawala kura kwa sababu hakuna kitu kingine kilichowekwa mezani mbele yake.

MHASIBU: Tulijaribu kukiweka. 2013 tulikuwa na mgombea urais Peter Kenneth. Mbunge wa Gatanga, fedha za maendeleo ya eneobunge lake zilionekana kwa macho, anaongea kwa hesabu, hana matusi. Ofisini kwetu kila mtu alisema huyu ndiye. Mitandaoni ungedhani ameshaapishwa.

WAKILI: Alipata kura zisizofika asilimia 1.

MHASIBU: Hazikufika. Na nitawaambia kilichotokea, maana nilikuwepo. Wiki ya mwisho watu wakaanza kusema, "Ni mzuri, lakini tusipoteze kura." Kila mmoja akarudi kwao. Wale wale waliokuwa wakigawa hotuba zake.

DAKTARI: Kwa sababu mko wachache.

WAKILI: Hilo mimi silikubali. Waajiriwa wanaolipwa zaidi ya 100,000 kwa mwezi nchini ni zaidi ya laki 3. Tofauti ya kura kati ya Ruto na Raila 2022 ilikuwa 233,211. Mnasema wachache?

DAKTARI: Laki 3 zilizotawanyika, Wakili. Wengi wao wamejiandikisha mashambani, na wengine hawaendi kabisa.

Kutokwenda ni jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Mwaka 2013 takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 65, na Nairobi ilikuwa chini ya wastani huo. Wanaokaa nyumbani wana sababu nyingi, na miongoni mwao wamo vijana wasio na kazi waliokata tamaa. Lakini mwenye nacho anaweza kukaa nyumbani kwa namna ambayo mwenzake hawezi, kwa sababu ameshajinunulia serikali ndogo ya kwake: kisima badala ya maji ya kaunti, paneli za jua umeme ukikatika, kampuni ya ulinzi, shule binafsi, bima ya hospitali iliyolipiwa na mwajiri. Matokeo mabaya ya uchaguzi humfikia yakiwa yamechelewa na yamepungua nguvu. Nasema hivi nikijua inauma: kura isiyoweza kukudhuru huipigi kwa makini.

WAKILI: Lakini msiseme hatushiriki siasa. Tunashiriki kwa milango mingine. Miaka ya 1990 wakazi wa Karen na Lang'ata walikwenda mahakamani kukataa kuendelea kulipa ada za jiji bila kuona huduma. Ushuru wa nyumba ulipoingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ulipingwa mahakamani. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema umekiuka katiba. Machi 2024 ikatungwa sheria mpya ukarudi. Sheria yenyewe ya Fedha ya 2023 ikabatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba. Watu wa vipato vyenu hawaendi kwenye mkutano wa chama. Wanamtafuta wakili.

DAKTARI: Au wanagoma. 2024 madaktari tuligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Hakuna chama cha siasa kilichotupa kile tulichokipata kupitia chama cha wafanyakazi.

MHASIBU: Na wenye viwanda huandika waraka kwa Bunge kila mswada wa fedha unapofika. Sisi wa mshahara ndio hatuna waraka.

WAKILI: Mna makato.

Mwaka 2015 mtafiti Nic Cheeseman alichapisha makala kuhusu tabaka la kati la Kenya, akaonyesha kwamba watu wa tabaka hilo huegemea misimamo ya kidemokrasia zaidi kuliko wengine. Sina sababu ya kumpinga. Tatizo ni kwamba kuiamini demokrasia ni jambo moja, na kuwa na chama ni jingine. Mahakama inaweza kufuta ushuru. Haiwezi kuandika ushuru ulio bora. Mgomo unaweza kupata mkataba. Hauwezi kupanga bajeti ya mwaka ujao. Aliyekabidhi siasa zake kwa mawakili na vyama vya wafanyakazi atashinda kesi nyingi na ataendelea kutawaliwa na bajeti ya wengine.

Kufika hapo ndipo sauti ya tano ilipojitokeza.

MLINZI: Mama, nikiruhusiwa. Mimi nalinda lango Kitisuru, nalala Kangemi. Huku na huku ni eneobunge moja, Westlands. Mbunge wetu ni mmoja na nyinyi. Nalipwa 18,000. NHIF ilikuwa ikinikata 600, SHIF inanikata 495. Kwa hilo nimepunguziwa, nashukuru. Ushuru wa nyumba ni 270. NSSF ilitoka 200 ikawa 1,080. Hiyo ni akiba yangu, najua, lakini duka halikopeshi kwa akiba ya uzeeni. Kwa hiyo nami nimeguswa, ila nikisikiliza redio nasikia ya kwenu tu.

Lakini si hilo nililotaka kusema. Nilitaka kusema habari ya kitabu cha wageni. Kina safu ya saa, ya namba ya gari, ya jina na ya nyumba mtu anakokwenda. Mwaka wa uchaguzi mgombea anakuja Kangemi mchana. Anasimama kwenye gari, paa limefunguliwa, anatuambia matajiri wanatunyonya, yeye ni mtu wetu. Mimi siku hiyo sina zamu, niko pale, na macho yangu yamezoea namba za magari. Kesho yake saa tatu usiku gari lile lile liko mbele ya lango langu. Taa zimezimwa. Dereva anaandika jina lake yeye, bosi yuko nyuma. Wanatoka saa sita. Nyinyi mnasema hamna chama. Mimi nafungua lango.

MKANDARASI: Lilikuja kwangu.

MHASIBU: Kwangu halijawahi kuja.

Hakuna utafiti ambao ungelisema hilo vizuri zaidi. Majirani wawili, ukuta mmoja, mapato yanayokaribiana, na gari linasimama kwa mmoja tu. Mgombea anajua tofauti ambayo takwimu zetu hazioni. Kwa Mhasibu hana la kufuata: kura yake iko Murang'a, fedha zake zimeshakatwa, na hatadai kitu. Kwa Mlinzi kuna kura. Kwa Mkandarasi kuna kampeni yenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Kufadhili Kampeni mwaka 2013, na hadi uchaguzi wa 2022 unafanyika, ukomo wa matumizi ya kampeni ulikuwa haujawahi kutumika. Tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango mwaka 2021, Bunge la Taifa liliviangusha.

DAKTARI: Lakini Juni 2024 ilibadilisha kitu. Waliojaa barabarani kupinga mswada wa fedha walikuwa watoto wa Kangemi na watoto wa Kitisuru pamoja. Sikuwahi kuona hivyo. Niliwapokea hospitalini. Ukimshona kijana jeraha la risasi pajani humwulizi anatoka mtaa gani, na wao hawakuulizana makabila.

MHASIBU: Ule mswada ulikuwa na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na VAT ya asilimia 16 juu ya mkate. Gari lingeniuma mimi, mkate ungemuuma Mlinzi. Kwa mara ya kwanza tulisoma karatasi moja. Binti yangu aliisoma yote, kurasa zote, akanieleza vifungu mimi mhasibu.

WAKILI: Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, tarehe 26 rais akasema hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika majuma yale. Tuliona wanachoweza kukizuia. Sasa nionyesheni chama walichokiingia baada ya hapo ili kipitishe wanachokitaka.

MHASIBU: Kuingia chama ni kuingia wapi? Kwenda kukaa na nani?

WAKILI: Kulipa ada, dada. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 imetenga sehemu ya mapato ya taifa, asilimia 0.3, kwa ajili ya vyama; kwa hivyo tayari unavilipia bila kuulizwa. Inataka pia kila chama kitangaze vyanzo vya fedha zake kila mwaka. Watu 50,000 wa kipato chako wakilipa shilingi 1,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 600 kwa mwaka. Hapo utaona kama gari halitasimama kwako mchana, na taa zikiwaka.

MHASIBU: Nitaanza na kuhamisha kituo changu cha kura. Naishi Westlands miaka yote hii, barabara zangu ziko Westlands, na kura yangu iko Murang'a. Agosti 2027 nataka kupiga kura ninakolipa.

DAKTARI: Mimi sihamishi. Nimeshasema kwa nini.

MHASIBU: Basi uliza swali ukiwa Siaya.

DAKTARI: Hilo naweza. Na nitamuuliza mtu wangu, si wako.

Natamani kila daktari, kila mhandisi na kila meneja wa benki angefika angalau hapo alipofika Daktari. Lakini mazungumzo hayakuishia kwake. Yaliishia kwa Mkandarasi, aliyekuwa kimya tangu gari litajwe, na kwangu mimi alichokisema ndicho kilichokuwa kipya kuliko vyote.

MKANDARASI: Mnaniona mimi ndiye adui. Sikilizeni. Nikilipwa ndani ya siku 90 baada ya kazi kukaguliwa, bila kumpigia mtu simu, bila kujuana na yeyote, nitamfungulia nani lango usiku? Nitakuwa nachezea fedha zangu. Ninachangia kwa sababu foleni haina utaratibu. Iwekeni foleni kwenye mtandao, kila mtu aone nani yuko mbele ya nani na tangu lini, na nusu ya kampeni za nchi hii zitakosa mafuta.

WAKILI: Mswada wa malipo ya haraka umewahi kufikishwa Seneti.

MKANDARASI: Ukafika wapi?

WAKILI: Haukuwa sheria.

MHASIBU: Basi huo ndio waraka wetu wa kwanza. Sisi wa mshahara tudai wakandarasi walipwe kwa wakati.

MKANDARASI: Mtaudai kwa nani, dada? Kwa wabunge waliofika huko kwa sababu ya foleni hiyo?

MLINZI: Kwa yule atakayekuja Kangemi mchana. Mkija mkasimama nasi, tutamuuliza mbele ya watu. Sisi maswali yetu huwa hayajibu, lakini huwa anayasikia.